Presha Imepanda, Hela Ni Kidogo: Nunua Nini Kwanza?

Umepimwa zaidi ya mara moja, presha imekutwa juu ya 140/90, na daktari amekuandikia dawa. Ukifika dukani unakuta mashine za kila bei, vidonge vya kampuni kubwa na vya kampuni ndogo, chupa za kitunguu saumu na mafuta ya samaki, na muuzaji anayesisitiza kwamba vyote unavihitaji. Si kweli. Hela ikiwa ya kitu kimoja, nunua dawa. Ikibaki, nunua mashine ya kupimia kwenye mkono wa juu. Mengi ya yaliyobaki dukani humo yaache pale pale.

Tuanze na dawa, maana hizo utazilipia kila mwezi. Vidonge vya kampuni iliyovumbua dawa vinaweza kuwa na bei mara kadhaa ya vile vinavyouzwa kwa jina la dawa yenyewe. Mapitio ya tafiti za dawa za moyo yaliyochapishwa mwaka 2008 katika jarida la JAMA hayakuona ushahidi kwamba vile vya bei kubwa vinatibu vizuri zaidi. Hapo huna sababu ya kulipia jina. Lakini nunua kwenye famasi au duka la dawa lenye kibali, na uangalie tarehe ya mwisho wa matumizi kwenye kila pakiti, si kwenye boksi la nje peke yake.

Habari njema zaidi kwa mfuko wetu ni ya mwaka 2019. Utafiti uitwao CREOLE uliofanyika katika nchi sita za Afrika, Kenya na Uganda zikiwemo, ulilinganisha dawa mbili mbili kwa wagonjwa weusi 728. Amlodipini pamoja na haidroklorothiazidi ilishusha presha vizuri kuliko perindoprili pamoja na haidroklorothiazidi, na ilikuwa sawa na amlodipini pamoja na perindoprili. Amlodipini na haidroklorothiazidi zote ni dawa za zamani zinazotengenezwa na kampuni nyingi. Kama umeandikiwa dawa usizozimudu, rudi umuulize daktari kama hizi zinakufaa. Usijibadilishie mwenyewe: amlodipini huwavimbisha wengine miguu, na haidroklorothiazidi huongeza mkojo.

Je, ununue kidonge kimoja chenye dawa mbili ndani, au viwili tofauti? Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unapendelea kimoja, kwa kuwa mtu hakosi dozi kirahisi. Tatizo ni upatikanaji: cha mchanganyiko kinaweza kukosekana kwenye duka la kijijini siku unayokihitaji. Piga hesabu kwa kidonge, si kwa pakiti, maana pakiti moja ina 28 na nyingine 30. Kama viwili tofauti ni nafuu na wewe si msahaulifu, chukua viwili. Kama unasahau, lipia hicho kimoja.

Gharama ambayo haitajwi dukani ni kipimo cha damu. Baadhi ya dawa za presha, perindoprili na ndugu zake wakiwemo, hudai figo na potasiamu vipimwe. Uliza bei ya kipimo hicho, ya kumuona daktari na ya nauli kabla hujasema dawa fulani ni rahisi. Mwenye bima aulize kwanza ni dawa zipi ziko kwenye orodha yake.

Sasa mashine. Ile ya kifundo cha mkono ni ndogo na huvutia, lakini mkono ukikaa chini au juu ya usawa wa moyo kidogo tu, namba hubadilika. Saa zinazodai kupima presha bila mkanda usizitegemee: miongozo ya madaktari wa moyo wa Ulaya ya mwaka 2024 haizipendekezi. Chukua ya mkono wa juu inayojijaza hewa, na kama unaweza, tafuta modeli yake kwenye orodha ya STRIDE BP ya mashine zilizohakikiwa.

Kabla ya kulipa, chukua futi ya fundi cherehani, zungushia mkono katikati ya bega na kiwiko, usome sentimita. Kisha geuza mkanda wa mashine uone kilichoandikwa, mfano 22–32. Mkono wako ukiwa 36, mkanda huo si wako. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2023 ulionyesha kwamba watu waliohitaji mkanda mkubwa kabisa walipopimwa kwa wa kawaida, namba ya juu ilizidi kwa karibu 20. Ukipotoshwa kiasi hicho unaweza kuongezewa dawa bure. Mkanda mkubwa mara nyingi huuzwa peke yake, na waya wa umeme pia, kwa hiyo uliza bei ya vyote pamoja na betri. Ulizia pia mkanda wa akiba, kwa sababu ile sehemu ya kunata huchoka.

Tuseme famasi ya mtaani inakutoza 1,000 kila ukipima, na mashine ni 90,000. Ukipima mara mbili kwa wiki, mashine imejilipa ndani ya mwaka. Ukipima mara moja kwa mwezi, endelea na famasi. Nyumba yenye wagonjwa wawili inunue moja, wachangie. Na kuegemeza mkono mezani unapopima hakulipiwi: kupima mkono ukining'inia huongeza namba ya juu kwa 6 au 7.

Virutubisho acha. Mwaka 2022, utafiti wa SPORT ulilinganisha mafuta ya samaki, kitunguu saumu, manjano na vingine na dozi ndogo ya rosuvastatini, dawa ya kushusha lehemu, si presha. Dawa ilishusha lehemu mbaya kwa karibu asilimia 38, na hakuna kirutubisho kilichokizidi kidonge kisicho na dawa ndani kwa kiasi cha maana. Aspirini ya kila siku nayo ni senti chache, lakini kwa asiye na ugonjwa wa moyo hatari ya kutokwa damu inaweza kuzidi faida. Usianze bila daktari.

Chumvi yenye potasiamu ina ushahidi mzuri. Huko China, kwenye utafiti wa vijiji 600 uliotangazwa mwaka 2021, ilipunguza kiharusi kwa asilimia 14. Ila haimfai mwenye figo mbovu, wala anayetumia dawa zinazopandisha potasiamu, na dukani si rahisi kuipata. Kupunguza chumvi ya kawaida na vile vipande vya kiungo vya mchuzi hakugharimu kitu.

Hela ikitosha dawa za wiki mbili tu, nunua za wiki mbili, umeze kila siku, na urudi kliniki mapema kuomba za bei nafuu. Usizimeze siku moja na kuruka moja ili zifike mwisho wa mwezi.