Sababu gani malaria inaturudia?



Wengi wanatuuliza: mtu aligonjwa malaria, akakunywa dawa, akapona, na sasa ameanguka tena. Mwili hauna kumbukumbu? Wengine wanasema ni sumu. Sisi wa mwaka wa mwisho tunajibu kwa biolojia.

Kijidudu Plasmodium falciparum kikiisha kuingia katika chembe nyekundu ya damu, kinatokeza juu yake protini inayoitwa PfEMP1. Kwa ile protini chembe inashikamana na ukuta wa mishipa midogo, haipiti katika bandama, mahali ingeuawa. Lakini kitu kikiwa inje, askari wa mwili wanakiona. Basi kijidudu kinabadilisha.

Kina jeni karibu 60 za kutengeneza protini hiyo. Zinaitwa var, zilitambulikana mwaka 1995. Tuzifananishe na kitabu cha nyimbo 60. Kila kijidudu kinaimba wimbo mmoja tu, kurasa zingine zimefungwa. Herufi haikufutwa hata moja! Uzi wa ADN umezungushwa juu ya protini ziitwazo histoni. Pale histoni zimetiwa alama fulani, protini nyingine, HP1, inakuja kukaza uzi, na jeni inanyamaza. Hiyo njo epijenetiki: maandiko ni yale yale, kazi ni kufungua na kufunga. Watoto wa kijidudu, wanaotoka kila saa 48, wanarithi ukurasa ule ule. Mara chache mmoja anafunga wake na kufungua mwingine. Mwili ukiisha kuua wale wa wimbo wa kwanza, huyu anabaki, anazaa. (Werevu huu, wengi wetu hatuna wakati wa mitihani.) Na mbu mpya akituuma, anaweza kuleta kitabu kingine kabisa.

Wakubwa wameisha kusikia nyimbo nyingi, miili yao inazikumbuka. Wadogo zetu nyumbani bado. Tena kuna nyimbo zinazokamatisha chembe katika mishipa ya ubongo: mtoto anatetemeka, anapoteza fahamu. Huyo hakulogwa. Apelekwe hospitali saa ile ile, hata ni usiku.

Na chanjo? Ile ya RTS,S, ambayo OMS ilikubali mwaka 2021, haishughuliki na nyimbo hizi. Inatafuta kijidudu mbele, kingali kinatoka kwa mbu kwenda katika ini, wakati hakijafungua kitabu ndani ya damu.