Michoro Inayotembea

Umeona katuni kwenye televisheni. Mtu wa kuchorwa anatembea. Je, anatembeaje?

Wachoraji huchora picha nyingi, kila moja tofauti kidogo na iliyotangulia. Sinema huonyesha picha 24 kwa sekunde. Mara nyingi kila mchoro huonyeshwa mara mbili. Basi dakika moja huhitaji michoro 720!

Kazi hiyo yote yaweza kuharibika kwa jambo dogo. Karatasi ikisogea kidogo inapopigwa picha, mtu wetu atatetemeka kama mwenye homa. Kwa hiyo karatasi zote hutobolewa matundu sawasawa, kisha huvishwa kwenye vijiti vilivyosimama mezani. Huchorwa hapo. Hata wakati wa kuziingiza kwenye kompyuta huvishwa vijiti vya namna ile ile. Mwanga nao usibadilike.

Kila karatasi huandikwa namba. Zikianguka bila namba, nani atajua ipi ilitangulia?