Usipige vigae juu ya gundi kuukuu

Umenunua vigae, fundi amefika. Mnang'oa ile kapeti ya plastiki na chini yake kuna gundi ya kahawia imeganda sakafu nzima. Fundi anakwambia, "Hiyo haina shida boss, tutapiga simiti juu." Kataa.

Hapa Muthetheni shangazi yangu alikubali. Miezi michache baadaye, vigae vya mlangoni mwa duka lake vikaanza kulia kwa-kwa-kwa kila mteja akikanyaga. Niliinua kimoja kwa bisibisi kikatoka na simiti yake yote mgongoni. Sakafu chini ilikuwa inang'aa gundi vilevile.

Simiti hushika kwa kuingia kwenye vitundu vidogo vya sakafu. Gundi ikiviziba, vigae vyako vimelala tu, havijashika.

Basi mimi, msee aliyeacha chuo, nikapewa tindo. Siku tatu kwa magoti! Anza hivi: mwaga maji moto sehemu ndogo, ngoja kiasi, kisha kwangua. Ikilainika, una bahati. Yetu ilikataa, ikabidi tindo na nyundo, kipande kwa kipande. Usijali ukichubua sakafu kidogo, kwani mikwaruzo husaidia simiti kushika.

Jirani alituletea petroli. Ni kweli inayeyusha gundi, lakini mvuke wake ndani ya chumba unangoja kiberiti tu, na gundi iliyoyeyuka huzama ndani zaidi ya sakafu. Tulimrudishia.

Na kama jengo ni la kitambo na gundi ni nyeusi kama lami, weka tindo chini kabisa. Gundi za aina hiyo zingine zilichanganywa na asbesto, na vumbi lake huleta kansa ya mapafu. Hapo usikwangue, usipige grainda. Tafuta mtu anayeijua hiyo kazi.

Ukimaliza, fagia vumbi lote, halafu dondosha maji hapa na pale. Yakisimama kama umande kwenye jani la nduma, gundi bado ipo, rudi magotini. Yakinywewa na sakafu, mwite fundi.

Shangazi amelipa ufundi mara mbili, na vigae vingi vilivunjika tukiving'oa, kwa hivyo amenunua vingine. Yule fundi wa kwanza hashiki simu.