Kuuliza Hali ya Programu Katika Kompyuta ya Mbali

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Programu ya kompyuta nayo ni mali, kwa kuwa huandikwa na watu wengi na kurekebishwa mara kwa mara. Daftari la mali hiyo huitwa mfumo wa kudhibiti matoleo. Mfumo unaotumika sana duniani ni Git, ulioanzishwa mwaka 2005 na Linus Torvalds, mzaliwa wa Finland, ili kuwasaidia watungaji wa Linux waliotawanyika katika nchi nyingi. Katika makala haya tutaeleza jinsi hali ya daftari hilo inavyoulizwa katika seva iliyo mbali kwa kupitia programu wakala, na kwa nini yafaa jibu lipimwe kabla ya kuaminiwa.

Mahali patatu pa kulinganishwa

Amri ya kuuliza hali ni "git status". Ili kuijibu, Git hulinganisha mahali patatu. Pa kwanza ni folda ya kazi, ambamo mafaili huandikwa na kurekebishwa. Pa pili ni orodha ya maandalizi, yaani mabadiliko yaliyoteuliwa tayari kwa kuwekwa rekodi. Pa tatu ni toleo la mwisho lililokwisha kuwekwa rekodi katika tawi linalotumika. Faili likitofautiana kati ya folda na orodha, huripotiwa kuwa limebadilishwa lakini halijaandaliwa. Likitofautiana kati ya orodha na toleo la mwisho, huripotiwa kuwa limeandaliwa. Faili jipya ambalo Git haijaagizwa kulifuatilia hutajwa peke yake. Amri hii haibadilishi hata herufi moja ya mafaili hayo.

Safari ya swali

Tangu mwaka 1995, Tatu Ylönen alipobuni SSH huko Finland, mafundi wameweza kutuma amri kwa kompyuta ya mbali kwa maandishi ya siri, hata mtu aliye njiani asiweze kuyasoma. Siku hizi kazi hiyo yaweza kukabidhiwa wakala, yaani programu inayotumia modeli ya lugha pamoja na zana ilizoruhusiwa. Mwenye kuuliza huandika kwa lugha ya kawaida: "Angalia kama seva ina mabadiliko ambayo hayajawekwa rekodi." Modeli yenyewe haiigusi seva. Hutunga ombi, zana hulipokea, hufungua njia ya SSH, huingia katika folda iliyotajwa na kutekeleza amri. Matokeo hurudi yakiwa maandishi, kisha modeli huyaeleza kwa muhtasari.

Hasara inayoweza kutokea

Tuchukue mfano wa shule yenye programu ya kukokotoa wastani wa alama. Mwalimu mmoja arekebisha kosa moja kwa moja katika seva, asiweke rekodi. Kesho yake mwenzake, akidhani kuwa hakuna lililobadilika, atoa amri ya "git reset --hard". Folda hurudishwa katika toleo la mwisho, na marekebisho yale hupotea, kwa sababu Git haikupewa kuyahifadhi. Swali la hali lingeuepusha msiba huo, ila kwa sharti kwamba jibu lake limesomwa sawasawa.

Mambo matatu ya kuhakikisha

Kwanza, mahali. Seva moja yaweza kuwa na nakala kadhaa za programu ile ile, na jibu la folda moja si jibu la nyingine. Wakala aonyeshe jina la seva, folda na tawi.

Pili, wakati. Git inaposema kuwa tawi linalingana na hazina kuu, haikwenda kuiuliza hazina hiyo papo hapo. Imelinganisha na habari za mwisho ilizoletewa. Ikiwa zililetwa wiki iliyopita, ulinganifu huo ni wa wiki iliyopita. Amri ya "git fetch" huleta habari mpya bila kugusa mafaili ya folda ya kazi.

Tatu, ukimya. Katika muundo mfupi uliokusudiwa kusomwa na programu nyingine, folda isiyo na badiliko huweza kutorudisha neno lolote. Lakini amri iliyoshindwa nayo yaweza kutoleta matokeo. Basi itazamwe namba inayotolewa amri inapomalizika: 0 huonyesha kuwa imetekelezwa, na namba nyingine huonyesha hitilafu.

Kwa hiyo muhtasari wa wakala usipokewe peke yake. Matokeo yenyewe yaambatanishwe. Tena, kwa kazi ya kutazama, wakala apewe ruhusa ya kutazama tu.

Zoezi kwa darasa

Katika kompyuta moja, wanafunzi watengeneze mafaili mawili na kuyawekea rekodi. Kisha wabadilishe la kwanza bila kuliandaa, wabadilishe la pili na kuliandaa, na kuongeza la tatu. Kila mmoja aandike atakachotarajia kabla ya kutoa amri ya "git status". Mwisho walibadilishe tena lile lililoandaliwa, na kueleza kwa nini sasa linatajwa mara mbili.