Subira Si Kumwacha Mtoto na Maumivu

Lipo swali ambalo kina mama hutuuliza kwa sauti ya chini: kumpa mtoto mwenye saratani dawa kali ya maumivu, je, si kuikatia tamaa rehema ya Mwenyezi Mungu? Wengi wetu huku pwani tuna jamaa Nakuru, hasa mtaa wa Bondeni, na swali hilo limetufikia kutoka kwao pia. Tumeona tulijibu.

Hospitali ya Rufaa ya Nakuru hupokea wagonjwa kutoka Baringo, Nyandarua, Samburu na kwingineko. Mama atokaye Marigat husafiri takriban kilomita 100, mtoto mapajani, na kila tuta la barabarani ni kilio. Aghalabu hufika uvimbe umekwisha kuwa mkubwa. Anapotajiwa tiba shufaa, hudhani mwanawe amekwisha kuhukumiwa kufa.

Sivyo. Tiba shufaa ni matunzo ya kumpunguzia mgonjwa maumivu na mateso, na ya kuwashika mkono wazazi. Inafaa ianze siku ile ugonjwa unapotambuliwa, iende pamoja na matibabu ya kuuondoa. Apone asipone, mtoto ana haki ya kulala usiku.

Dawa kuu ya maumivu makali ni mofini ya kunywa. Unga wake huchanganywa na maji hospitalini, mtoto akapewa kila baada ya saa nne, kwa kipimo kinacholingana na uzito wake. Hufunga choo, kwa hiyo hufuatana na dawa ya kulainisha. Ikitolewa kwa kipimo cha daktari kwa ajili ya maumivu, ni nadra mtoto kuwa mraibu. Wanavyuoni wengi wameiruhusu kwa dharura ya tiba. Na sharia iliyomruhusu mgonjwa kula mchana wa Ramadhani haimtaki mtoto aumie ili wazazi waonekane wana subira.

Tatizo limekuwa upatikanaji. Mwaka 2010 shirika la Human Rights Watch liliripoti kwamba kati ya hospitali za umma zipatazo 250 nchini Kenya, ni 7 tu zilizokuwa na mofini ya kunywa. Tangu hapo hatua zimepigwa: Nakuru ina hospisi yake, na taifa lina sera ya tiba shufaa ya 2021 hadi 2030. Lakini sera haimfikii mtoto wa kijijini mpaka mtu aulize.

Basi tuulize, tangu siku ya kwanza: nani atakayeshughulikia maumivu ya mwanangu, na dawa nitaipata wapi nikirudi nyumbani? Tusidanganywe na ukimya; mtoto aliyeacha kucheza na kujilaza kimya huenda anaumia kuliko anayelia. Nasi majirani, tukienda kumzuru mgonjwa, tusibebe neno "vumilia" peke yake. Tubebe nauli na chakula, tushike zamu ya kukesha na mtoto ili mama naye apate usingizi.

Mwenyezi Mungu awape watoto wetu shifaa, na wazazi wao nguvu. Amin.