Kupata Nafuu Si Kupona

Kiswahili hutenganisha nafuu na kupona, lakini waajiri wengi wamelisahau hilo. Tangu Korona ilipobisha hodi nchini Machi 2020, tulihesabu waliofariki na waliotoka hospitalini. Waliosalia na uchovu, kukatika pumzi na usahaulifu ni nadra kutajwa. Oktoba 2021, Shirika la Afya Duniani liliipa hali hiyo maana rasmi: dalili ambazo kwa kawaida huwapo miezi 3 baada ya maambukizi, hudumu angalau miezi 2, wala hazielezwi na ugonjwa mwingine. Mwenzangu, mhadhiri hodari, husita darasani akitafuta neno alilolijua jana. Wakuu wake humwita mvivu. Huo ni udhalimu. Mgonjwa apewe muda, si lawama.