Kubadili Kisanduku cha Takataka katika Bwawa la Kuogelea

Chama chenye nyumba ya wageni ufukoni Bagamoyo kisiharakie kujenga bwawa upya maji yanapopungua. Ndoo ya maji iwekwe juu ya ngazi ya bwawa. Ya bwawani yakishuka kuliko ya ndoo, na kukoma chini ya mdomo wa kisanduku, ufa upo hapo.

Maji yapunguzwe hadi chini ya mdomo huo tu. Bwawa lisikaushwe, hasa wakati wa masika: maji ya ardhini yaweza kulinyanyua zima. Zege livunjwe pasipo kukata nondo. Mchanga wa ufukoni usitumike, kwani chumvi yake hula nondo. Bomba lijaribiwe kabla ya kufukiwa, na zege jipya lilowanishwe siku 7. Katibu azuie malipo ya mwisho mpaka jaribio la ndoo lirudiwe.